Wizara ya Shukrani na Jarida la Vibuyu

Katika nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa kuwa kulitaja bila kibali ni kosa na kulitaja kwa kibali ni usumbufu, aliishi mama mmoja mstaafu aliyeitwa Mwalimu Zamaradi. Alikuwa amefundisha jiografia kwa muda mrefu kiasi cha kushuhudia mito miwili ikibadilishwa majina na mlima mmoja ukipandishwa cheo. Alipostaafu hakutaka tena kumfundisha mtu chochote. Alitaka kukuza mumunye, kulikausha likawa kibuyu, kisha kukaa akakitazama.

Wenye maradhi kama yake walikuwa wengi kuliko takwimu za serikali zilivyoruhusu. Walikuwa na chama, na chama kilikuwa na jarida lililoitwa Mbegu, ambalo lilitoka mara moja kwa mwaka, masika yakikaribia. Ndani yake mlikuwa na habari za wadudu, mabishano ya hasira kuhusu samadi ya mbuzi, na katika ukurasa wa mwisho duara dogo la wino ambamo zilibandikwa mbegu za kweli kwa gundi ya uji wa muhogo. Msomaji alisoma, akabandua, akapanda. Kwa wanachama wengi sehemu ya kusoma ilikuwa ya hiari.

Jarida hilo lilitengenezwa na watu watatu kwenye meza ya kulia chakula ya Mwalimu Zamaradi. Yeye mwenyewe alihariri na kuzungusha mpini wa mashine ya kudurufu. Bi Mwanakombo, jirani yake, alikunja karatasi na kutoa maoni juu ya ndoa za watu. Mzee Ngwali, fundi cherehani aliyeachana na cherehani baada ya macho kumchosha, alibandika mbegu kwa vidole, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa bado vinaona.

Hakuna aliyelipwa, wala hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hajalipwa. Chama kilikuwa na mila yake. Mamumunye yalipokuwa machanga, mhariri alichukua mwiba wa mlimao na kuchora jina la kila msaidizi kwenye ganda la mumunye mojamoja. Kovu la mwiba hupona, lakini halifutiki. Mumunye likinenepa, jina hunenepa nalo. Jina lililoanza kama unyayo wa sisimizi liliishia kuwa pana kama kiganja. Kibuyu kilipokauka, msaidizi alikabidhiwa, akakitundika ukutani, na mambo yakaishia hapo.

Mwaka huo toleo la masika lilikuwa na uzito wa pekee. Mzee Ngwali alikuwa mtu wa mwisho nchini kukuza aina iitwayo shingo ya korongo, ambayo shingo yake ni ndefu, imepinda, na hutazama nyuma kana kwamba imeitwa. Mdudu aliingia shambani mwake akaimaliza. Zilibaki mbegu za zamani ndani ya kopo la majani ya chai, na mbegu ya mumunye nayo huzeeka.

"Zikikosa mvua hii," alisema, "hazitangoja nyingine. Mimi mwenyewe sina hakika kama nitangoja."

"Usituletee uchuro mezani, Mzee Ngwali," alisema Bi Mwanakombo. "Bandika."

Kwa hiyo walikubaliana kwamba shingo ya korongo iingie katika kila nakala ya Mbegu, iende kwa kila mwanachama, ili mdudu akitaka kuimaliza tena alazimike kusafiri.

*

Shida ilianzia kwenye kicheko. Raia mwema mmoja aliripoti kwamba kila Jumamosi asubuhi, katika nyumba ya Mwalimu Zamaradi, watu walisikika wakifanya kazi na kucheka kwa wakati mmoja. Idara ya Usalama ilisikiliza dirishani kwa muda wa kutosha. Ikathibitisha kwamba watu hao walikuwa watatu, hawakuwa ndugu, hawakuwa na mshahara wala posho ya kikao, na hawakuwa wakimsema mtu yeyote isipokuwa majirani.

Wanasheria wa dola waliitwa. Walipekua vitabu vyote wasione kosa, maana sheria za nchi ile ziliorodhesha kila namna ya kuchukua, lakini waliozitunga hawakuwahi kuwaza kwamba ingetokea siku mtu akatoa. Jalada likahamishiwa Wizara ya Shukrani na Uthamini. Wizara ililipokea kwa shangwe kubwa. Tangu iundwe ilikuwa haijapata mtu wa kumshukuru, kwa vile mtu pekee aliyestahili alikuwa ameshashukuriwa mpaka akaomba apumzishwe.

*

Aliyetumwa alikuwa Bwana Kiluvya, Afisa Shukrani wa Wilaya, kijana mwenye koti jipya na mikono mirefu kuliko koti. Alipiga hodi wakati mashine inanguruma.

"Kiluvya!" alisema Mwalimu Zamaradi. "Si wewe uliyeniandikia kwenye mtihani kwamba ikweta ni mto?"

"Shikamoo, Mwalimu. Yale yalishapita."

"Marahaba. Hayajapita, bado nayakumbuka. Kaa."

Bwana Kiluvya hakukaa, kwa kuwa tangazo alilobeba lilipaswa kusomwa kwa kusimama. Alilikunjua, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akasoma kwamba Taifa limeguswa na moyo wa kujitolea wa wananchi hawa watatu, na kwamba limeazimia kuwashukuru, kupitia Mheshimiwa Waziri, kwa kiwango ambacho hawatakisahau. Kwa sababu hiyo, kazi yao ilisimamishwa kuanzia sasa.

"Isimame kwa nini?" aliuliza Mwalimu Zamaradi.

"Ni kanuni, Mwalimu. Kazi inayoshukuriwa sharti isimame. Mkikunja hata karatasi moja zaidi baada ya shukrani kuandaliwa, shukrani itakuwa pungufu kwa karatasi moja. Serikali haitoi shukrani pungufu."

"Basi na atushukuru hapa hapa," alisema Bi Mwanakombo. "Aje huyo Waziri, aseme ahsante, anywe chai, aende zake, sisi tuendelee kukunja."

"Bi Mkubwa, shukrani isiyo na jukwaa ni maoni binafsi."

"Na sherehe yenyewe lini?" aliuliza Mwalimu Zamaradi.

"Mara Mheshimiwa Waziri atakapomaliza kuandika hotuba."

"Amefika wapi?"

Bwana Kiluvya alitazama viatu vyake. "Amemaliza salamu."

Kisha, kwa upole wa mtu anayemfunika mgonjwa shuka, aliizungushia mashine utepe mwekundu wa Wizara. Kwa utepe huohuo alifunga rimu za karatasi, sufuria ya gundi na kiti cha Mwalimu. Utepe ulipokaribia kopo la majani ya chai, kopo lilikuwa tupu na Mzee Ngwali alikuwa amesimama pembeni, mfuko wa koti lake umevimba, anatazama dari kama mtu anayekagua kazi ya seremala.

*

Watu wasiowahi kushukuriwa na dola hudhani kwamba kushukuriwa ni jambo la kukaa tu. Wizara ilifahamu hatari ya dhana hiyo, ikawaita wote watatu kwenye Ukumbi wa Uthamini kwa mazoezi. Walifundishwa namna ya kushtuka majina yao yakitajwa, namna ya kuweka mkono kifuani, na namna ya kutoa machozi. Machozi yalitakiwa yawe ya wastani, yaonekane kutoka jukwaani lakini yasilete wasiwasi kwa wawekezaji.

"Mzee Ngwali," alisema Bwana Kiluvya, ambaye ndiye aliyekuwa mkufunzi, "unashtuka kama mtu aliyekanyaga msumari. Tunataka mtu aliyeona alfajiri."

"Mwanangu, nimeona alfajiri nyingi. Hakuna iliyonishtua."

Bi Mwanakombo, kwa upande wake, alikuwa na kipaji. Jina lake lilipotajwa aliweka mikono kichwani, akayumba, akazimia juu ya viti, akafumbua jicho moja kuuliza kama imetosha. Bwana Kiluvya aliandika pembeni: ipunguzwe.

Mwalimu Zamaradi alishtuka ilivyotakiwa, kisha akarudi dirishani. Alikuwa na macho ya jiografia. Aliona mawingu yakijipanga upande wa mashariki, na ukutani nje siafu wakihamisha mayai yao kwenda juu. Siafu hawakuwa wakingoja hotuba.

"Kiluvya," aliuliza, "mvua itakaponyesha, Waziri atakuwa amefika wapi?"

"Ameshavuka utangulizi, Mwalimu. Kwa sasa yuko kwenye historia ya kujitolea tangu enzi za mawe."

"Mbegu za Mzee hazina muda wa enzi za mawe. Ondoa utepe. Tubandike, halafu urudishe."

Kijana alipekua daftari lake la kanuni, akalifunga. Mwalimu aliona kwamba alitaka kusema ndiyo, na kwamba neno hilo halikuwa na kifungu.

*

Hotuba ikakamilika hatimaye, na ilikuwa nene. Ikachapishwa kwa wingi, kwa wageni wa sherehe na kwa kila ofisi ya umma nchini. Hapo ndipo Wizara ilipogundua kwamba haina mtu wa kuikunja, maana wakunjaji wake wote walikuwa wamepelekwa kwenye semina ya moyo wa kujitolea, na semina ilikuwa imeongezewa siku kwa sababu ya posho.

Bwana Kiluvya alifika nyumbani kwa Mwalimu Zamaradi na lori la karatasi na uso wa mtu aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani aliyemvunjia ukuta.

"Tumeombwa… yaani, mmeombwa mjitolee kukunja."

"Si ulisema kazi yetu imesimama?" aliuliza Mwalimu Zamaradi.

"Kujitolea kwa hiari kumesimama, Mwalimu. Huku ni kujitolea kwa agizo. Kuna kifungu chake."

"Shoga, nishike nisianguke," alisema Bi Mwanakombo, "na safari hii sifanyi mazoezi!"

Utepe ukafunguliwa kwenye kiti cha Mwalimu na sufuria ya gundi. Mashine ikabaki imefungwa. Wakaanza kukunja. Mwalimu Zamaradi, kwa mazoea ya mhariri, alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho. Palikuwa na duara tupu.

"Hapa pana nini?"

"Nembo ya Wizara. Kamati haijakubaliana. Wengine wanataka mkono unaotoa, wengine mkono unaopokea. Ikaamuliwa duara liende hivyohivyo."

Mwalimu Zamaradi alilitazama duara, akamtazama Mzee Ngwali. Mzee Ngwali alilipapasa duara kwa kidole gumba. Lilikuwa na upana aliouzoea.

"Kiluvya, mwanangu, hotuba hizi zikishasomwa huenda wapi?"

"Zikishasomwa?" Kijana alitazama mlango, akashusha sauti. "Mwalimu, hizo za ofisini hutundikwa wiki moja kwa mujibu wa mwongozo. Baada ya hapo zinakwenda nyuma ya ofisi. Kuna shimo."

"Shimo la namna gani?"

"La kawaida. Kila ofisi ina lake. Maganda ya ndizi, majani ya chai, mwongozo wa mwaka jana…"

"Lina unyevu?" aliuliza Mzee Ngwali, na ilikuwa mara ya kwanza tangu utepe ufike kwa sauti yake kuwa na uhai.

"Linanuka unyevu, Mzee."

Bi Mwanakombo alisukuma sufuria ya gundi katikati ya meza. Mzee Ngwali alitia mkono mfukoni, na mbegu za shingo ya korongo zikamwagika juu ya hotuba ya Waziri, bapa, za rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Bwana Kiluvya aliona. Ilikuwa kazi yake kuona. Alisimama, na Mwalimu Zamaradi akadhani anakwenda kumwita askari aliyekuja na lori. Kijana alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akavuta hotuba moja karibu yake.

"Gundi imezidi hapa, Mzee," alisema. "Itaozesha."

Alibandika vizuri. Alipokuwa anabandika alizungumza, kama watu wote wanaobandika. Alieleza kwamba alikuwa ameandaa shukrani nyingi ambazo hazikutolewa, ameshona mapazia ya majukwaa, ameshika miavuli juu ya vichwa vya wakubwa.

"Na wewe walikushukuru lini?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Sisi wa Shukrani hatushukuriwi, Bi Mkubwa. Ni mgongano wa maslahi."

Alicheka aliposema hivyo, na wao wakacheka, na nje dereva wa lori, ambaye alikuwa raia mwema, akashangaa kusikia watu wanafanya kazi na kucheka kwa wakati mmoja.

*

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Watumishi waliletwa kwa mabasi kutoka kila wilaya, wakapewa kila mmoja hotuba yake ili asipotee. Mheshimiwa Sifaeli Mbonde, Waziri wa Shukrani na Uthamini, alipanda jukwaani, akafungua ukurasa wa mwisho kwanza, kama afanyavyo kila msomaji wa hotuba ili ajue mateso yake yatakwisha lini. Akaliona duara, na ndani yake mbegu tatu zimekaa kwa heshima. Alilisogeza karibu na macho. Mwalimu Zamaradi, aliyekuwa kwenye kiti cha washukuriwa, alianza kuhesabu hatua za kufika langoni.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, akiinua hotuba juu, "naona kamati imekubaliana! Hii ndiyo nembo yetu. Imara. Bapa. Yenye kuelekea mbele!"

Makofi yakapigwa. Akaendelea:

"Kujitolea ni nini? Kujitolea ni kutoa. Na anayetoa, hutoa. Serikali yenu, ambayo haijawahi kuchoka kupokea, leo imesimama hapa kupokea tena! Wapo wanaouliza: wananchi hawa wamepata nini? Nawajibu: wamepata sisi!"

Alipofika enzi za mawe tone la kwanza liliangukia kipaza sauti. Alipofika enzi za shaba mvua ilishuka yote kwa pamoja, kama iliyokuwa imeshikiliwa na mtu aliyechoka mikono. Umati ukaweka hotuba vichwani na kukimbilia mabasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hotuba ya Wizara ile kumfaa mwananchi moja kwa moja. Washukuriwa hawakufikiwa. Majina yao yalikuwa karibu na mwisho, baada ya shukrani kwa wadhamini, na Bi Mwanakombo alilazimika kuzimia bila kutajwa ili kazi ya mazoezi isipotee bure.

Usiku kucha na wiki iliyofuata nchi nzima ilinyeshewa. Hotuba zilizolowa zilidondoshwa vizingitini, zikasukumwa kwa fagio chini ya michongoma. Zile za ofisini zilitundikwa wiki yake, kisha zikaenda shimoni kwa mujibu wa mwongozo.

*

Zilianza kuchipua katika ofisi za ardhi, ambako shimo lilikuwa na rutuba ya majalada mengi. Kisha mahakamani, kisha bandarini. Miche ilitambaa juu ya kuta, ikashika nondo za madirisha, ikaingia kwenye chumba cha mrutubishaji wa takwimu na kumkuta amelala. Mamumunye yakaning'inia, yenye shingo ndefu zilizopinda, yakitazama nyuma.

Wizara ilifanya uchunguzi, ikaridhika kwamba hotuba ya Waziri imeota. Hapakuwa na maelezo mengine yaliyoendana na heshima ya mwandishi wake. Likatolewa tangazo: mmea huo ni mali ya Taifa, na yeyote atakayeukata, kuung'oa au kuugusa atashitakiwa. Mdudu yule wa zamani hakutajwa kwa jina, lakini maafisa walipewa dawa ya kumpulizia.

Mzee Ngwali alianza kuzitembelea ofisi za serikali kwa hiari yake, tabia iliyofanya askari kanzu wamfuate kwa mbali. Alisimama mbele ya kila ukuta, akahesabu shingo kimoyomoyo, akaenda ukuta mwingine. Jioni alirudi kwa Mwalimu akiwa na matope mpaka magotini.

"Mdudu atachoka," alisema tu.

Haukupita muda, Bwana Kiluvya akatumwa tena. Wizara ilitaka kumjua aliyeipa hotuba uhai, ili ashukuriwe. Mwalimu Zamaradi alijibu haraka kuliko alivyowahi kujibu swali lolote.

"Ni mvua. Andika hivyo. Sisi tulikunja tu."

Bwana Kiluvya aliandika. Wizara ikaunda kamati ya kuishukuru mvua, na jukwaa likaanza kujengwa.

Asubuhi moja mawingu yakiwa bado mazito, Mwalimu Zamaradi alikwenda nyuma ya jengo la Wizara na mwiba wa mlimao kwenye mtandio. Mamumunye yalikuwa machanga, ganda lake laini kama shavu. Alikuwa amechora jina la Mzee Ngwali, na la Bi Mwanakombo limefika katikati, aliposikia nyayo.

"Mwalimu, kuugusa mmea huu ni kosa."

"Najua. Nishikie hilo tawi, linanizibia mwanga."

Bwana Kiluvya alilishika. Alitazama mwiba ukienda na kurudi, polepole, na utomvu ukitokeza kwenye kila herufi. Mwalimu alipomaliza, kijana hakuliachia tawi. Alikohoa, lakini si kile kikohozi cha kiserikali.

"Lile la nyuma pale, Mwalimu, halina jina."

Mwalimu Zamaradi alimtazama mwanafunzi wake aliyedhani ikweta ni mto. Kisha alipiga magoti kwenye tope, akalivuta lile mumunye la nyuma, akachora. Bwana Kiluvya aliinama mpaka pua ikaligusa ganda.

"Mbona dogo hivi? Hata halisomeki."

"Leo ni dogo. Iache mvua inyeshe."

Bwana Kiluvya aliinuka, akatazama mbinguni, kisha akatazama upande wa pili wa jengo, kulikosikika nyundo za mafundi wa jukwaa. Alikumbuka kanuni, kwamba kazi inayoshukuriwa sharti isimame. Na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Afisa Shukrani wa Wilaya alimwomba Mungu kwa dhati kwamba Mheshimiwa Waziri akwame kwenye salamu.